FEDHA ZA MATIBABU ZIFIKE DISPENSARI
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Busia na Malaba)



Twawashukuru kwa kuja, ninyi mlioacha mizigo Busia na ninyi mliotoka Malaba. Leo hatusemi habari za mshahara. Twasema habari za dispensari, maana mchukuzi akiugua, mshahara wa siku ile hana.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1965 Serikali iliondoa ada ya shilingi 5 kwa mgonjwa asiyelazwa. Mwaka 1966 ikaanzisha bima ya hospitali ya taifa. Desemba 1989 ada zikarudi. Mwaka 2004 zikapunguzwa kuwa shilingi 10 katika dispensari na 20 katika kituo cha afya, na mwaka 2013 zikafutwa huko. Haya yatufunza neno moja: kumwondolea mgonjwa ada ni vyema, lakini dawa hainunuliwi kwa tangazo.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imeshika mahali pa bima ile ya zamani. Mwenye mshahara hukatwa 2.75 kwa mia. Wa shilingi 20,000 alikatwa 750, sasa 550. Wa 50,000 alikatwa 1,200, sasa 1,375. Mwenye kupata zaidi atoe zaidi, hilo twalikubali.

Lakini kibarua na mwenye bodaboda huulizwa maswali juu ya nyumba na mali yake, kisha hukadiriwa malipo ya mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Nani kati yetu alipwaye kwa siku aliye na 3,600 mfukoni? Basi twashauri kila kikundi cha kazi kiweke shilingi 70 kwa wiki kwa kila mtu, ziandikwe daftarini. Wiki 52 ni 3,640. Haba na haba hujaza kibaba.

Fedha hizo ni za hospitali kubwa. Dispensari na kituo cha afya hulipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, wala mgonjwa hadaiwi kitu. Lakini mtu asiyeandikishwa hawezi kudaiwa fedha zake kwenye Mfuko, na kujiandikisha ni bure. Malipo yakichelewa, kabati la dawa huwa tupu, nasi hutumwa duka la dawa na karatasi mkononi. Tusimtukane muuguzi, yeye naye ni mfanya kazi, na kabati hakulimaliza yeye.

Tena yuko dereva wa ng'ambo alalaye kwenye foleni ya malori Malaba. Homa ikimshika, muuguzi hamfukuzi. Dawa zake zina bei, naye si mkaaji wa Kenya. Kaunti haina budi kuzitengea fungu.

Sheria ya mwaka 2023 yaruhusu hospitali na dispensari za kaunti kuzishika fedha zao na kuzitumia papo hapo. Kwa hiyo twadai kamati ya kila dispensari ibandike ukutani kila mwezi: fedha zilizodaiwa, zilizolipwa, na dawa zilizonunuliwa. Wajumbe wetu waulize, waandike majibu, wayalete mkutano ujao.

Jiandikisheni, ndugu, kisha mkasome ukuta. Umoja ni nguvu.