Maji Yakizidi Unga



Wiki mbili zilizopita, katika kipindi hiki hiki, nililisifu gari linaloendeshwa kwa hidrojeni. Nilisema halina moshi wala masizi, na kwamba kinachotoka katika bomba lake la nyuma ni maji matupu. Nikamaliza kwa kuuliza, "Nani atalalamikia maji?" Nikaenda zangu nyumbani nimeridhika.

Barua ya kwanza niliyofungua baada ya hapo ilitoka kwa fundi wa magari. Haikuwa ndefu. Aliandika: "Bwana mtangazaji, maji hayo kabla ya kutoka huwa yako wapi? Mimi nimeona injini nyingi zimekufa kwa maji." Sikuwa na jibu. Nilisomea stashahada ya uandishi wa habari, si uhandisi, lakini hiyo si sababu ya kumpa msikilizaji nusu ya habari. Nimesoma, nimeulizia, na leo nalipa deni.

Seli ya hidrojeni haichomi kitu. Katikati yake umo utando mwembamba wa plastiki ya namna ya pekee. Upande mmoja huingia hidrojeni, upande wa pili huingia hewa yenye oksijeni. Kichocheo cha platini huigawa hidrojeni: elektroni hupita katika waya, na huo ndio umeme, protoni hupenya utando, na ng'ambo hukutana na oksijeni, yakapatikana maji. Kilo 1 ya hidrojeni huzaa kilo 9 za maji. Gari lenye kilo 5 za hidrojeni litakuwa limetengeneza lita 45 za maji hadi tangi liishe. Hayo ni zaidi ya madumu mawili ya lita 20.

Sasa hapa ndipo penye kitendawili. Utando ule hupitisha protoni ukiwa umelowa tu. Ukikauka, umeme hushuka, na ukikaushwa mara kwa mara huweza kupasuka. Kwa hiyo maji yanatakiwa. Lakini yakizidi, huziba vitundu ambamo oksijeni hupitia, na seli ikakosa pumzi kwa maji iliyoyatengeneza yenyewe. Mpishi wa wali analijua jambo hili: maji yakipungua wali una kiini, yakizidi ni bokoboko. Tofauti ni kwamba mpishi anaweza kufunua sufuria akatazama.

Tena mambo hayo mawili huweza kutokea kwa pamoja. Protoni zinapovuka utando huburuta maji. Upande wa hidrojeni unakauka huku upande wa hewa unafurika. Seli za namna hii aghalabu hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 80 hivi, ambapo maji mengine ni mvuke na mengine ni matone. Ukiongeza joto kuondoa matone, unakausha utando. Ukilipunguza kuulinda utando, matone yanarudi.

Na tone moja si dogo. Likiziba kijia cha hidrojeni, seli ile inakosa chakula, ilhali wenzake waliounganishwa nayo kwa mfululizo wanaendelea kuisukumia mkondo. Basi inaanza kula kaboni ya mwili wake yenyewe. Kidonda hicho hakiponi. Na katika nchi za baridi, maji yaliyobaki ndani usiku huganda, na barafu ni kubwa kuliko maji kwa karibu asilimia 9.

Msidhani ni nadharia. Novemba 1981 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliruka na Joe Engle na Richard Truly kwa safari ya siku 5. Kilikuwa na seli tatu, za aina tofauti na hizi za magari. Moja ilifurika maji ikafa, na safari ikakatishwa baada ya siku 2 na saa chache.

Wahandisi wamefanya nini? Wameweka karatasi ya kaboni iliyopakwa kitu kile kile kinachozuia chakula kugandia kwenye kikaango, ili maji yateleze. Wamechimba vijia vyembamba ambamo hewa husukuma matone mbele. Kabla ya kuzima mtambo, huupuliza ukauke. Toyota ilipoanza kuuza gari la Mirai mwaka 2014, iliweka kitufe cha dereva kumwaga maji kabla ya kuegesha. Na kwa kuwa ndani hakutazamiki kwa macho, maabara za Gaithersburg, Marekani, na Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, hutumia miali ya nyutroni, ambayo hupenya chuma lakini hunaswa na maji, wakaona matone yamejificha wapi.

Kwa nini nimewachosha na haya? Kwa sababu hidrojeni haiko mbali nasi. Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani. Siku mitambo hii itakapoletwa kuuzwa kwetu, watakuja wenye suti watuambie kama nilivyowaambia mimi: "Inatoa maji tu." Ni kweli, lakini ni kweli ya bomba la nyuma. Ya ndani anaijua atakayeitwa usiku mtambo umezimika. Huyo ndiye apewe mafunzo na vipuri kabla mkataba haujatiwa saini.

Nami nakiri kosa. Nilitazama kinachotoka, nikasahau kuuliza kinapita wapi. Fundi wangu, asante kwa barua. Hukuwa na shaka na hidrojeni. Ulichouliza ni mtaro uko wapi. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tukutane tena.

Kwaherini.