MARISAU YA NJIWA NA MARISAU YA KUNGURU

Maneno ya Katibu mbele ya wanachama na viongozi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa, za mikopo na za ghala letu. Mimi nimeamriwa na Kamati niseme juu ya jambo dogo, nalo ni risasi za kupigia ndege waharibifu. Huenda mtu wa mjini Arusha akacheka. Lakini mwenye alizeti huko Kisongo, au mwenye mahindi machanga huko Ngarenanyuki, hatacheka. Yeye ajua kwamba njiwa na tetere hula mbegu kabla haijafunikwa vema, na kwamba kunguru hung'oa mche wa mahindi ili ale punje iliyo chini yake, kisha akapita uani kuchukua kifaranga. Naye ajua pia ni nani anayekaa shambani kuamia ndege tangu alfajiri: ni mtoto ambaye saa ile angekuwa darasani.

Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Miaka minne iliyopita njiwa walishuka kwa wingi katika alizeti ya wanachama wa chama kimoja cha msingi. Tuliomba ruhusa kwa Ofisa Wanyamapori, tukaipata, na mwanachama mmoja mwenye bunduki ya marisau na leseni yake akajitolea. Aliniuliza anunue risasi za namba gani. Mimi, kwa kuwa nilimaliza Kidato cha Nne, niliona haya kusema sijui. Niliwaza kwamba chembe kubwa ina nguvu kuliko chembe ndogo, nikamwandikia kwenye karatasi: BB.

Siku ile zilipigwa risasi ishirini, wakaanguka njiwa watatu. Wengine waliruka na majeraha yao wakaenda kufia mbali. Marisau yaliyokosa ndege yaliangukia bati la jirani, na chembe moja ikamchubua mkono binti aliyekuwa akichuma maharage. Kwa rehema ya Mungu alipona upesi. Nilikwenda kwa baba yake, nikaketi, nikaomba radhi. Mzee yule alinipa chai, kisha akasema: "Katibu, hesabu ulisoma, lakini hukuuliza." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza tufahamu namba zenyewe. Bunduki nyingi za marisau ni za namba 12. Maana yake ni kwamba tufe kumi na mbili za madini ya risasi, zenye upana wa tundu la mtutu, zina uzito wa ratili moja. Bunduki ya namba 20 ni nyembamba zaidi, kwa kuwa yataka tufe ishirini kutimiza ratili hiyo. Namba hii ni ya mtutu, wala si ya marisau. Risasi inunuliwe kwa namba ile ile iliyochorwa kwenye mtutu, na urefu wake usizidi ule ulioandikwa hapo, kama ni milimita 65, 70 au 76.

Namba ya marisau ni jambo jingine, na hesabu yake huenda kinyume: namba ikipanda, chembe hupungua. Kwa hesabu ya Kiingereza, chembe ya namba 4 ina upana wa milimita 3.1, namba 5 ni 2.8, namba 6 ni 2.6, na namba 7 ni 2.4. Katika wakia moja, yaani gramu 28 na kidogo, namba 4 ina chembe kama 170, namba 5 ina 220, namba 6 ina 270, na namba 7 ina 340. Hiyo BB yangu ina chembe 70 tu. Basi mwaona jinsi njiwa walivyopita katikati ya marisau bila kuguswa, kama dagaa wapitao katika wavu wa matundu makubwa.

Tena jihadharini: namba za Kimarekani si sawa na za Kiingereza. Namba 6 ya Kimarekani ni milimita 2.8, nayo ni sawa na namba 5 ya Kiingereza. Hesabu yao ni rahisi: toa namba ya marisau katika 17, na jibu ni upana wa chembe kwa sehemu za mia za inchi. Kumi na saba toa sita ni kumi na moja, yaani sehemu kumi na moja za mia. Kwa hiyo mnunuzi asitazame namba peke yake; atazame milimita zilizoandikwa kwenye boksi.

Sasa nisemeje juu ya kuchagua? Njiwa ni ndege mwepesi, na manyoya yake hutoka upesi. Hahitaji chembe kubwa. Ahitaji chembe nyingi zilizokaribiana, ili kadhaa zimpate pamoja na afe mara moja. Kwa hiyo namba 6 ya Kiingereza yafaa, na namba 7 yafaa pia ikiwa ndege wako karibu. Uzito wa gramu 28 hadi 32 watosha. Kunguru ana mwili mkubwa na mifupa migumu kuliko njiwa. Kwake yafaa namba 5, au namba 6 akiwa karibu. Asiyetaka kuweka maboksi mawili nyumbani anunue namba 6, nayo itamtumikia kwa wote wawili.

Lakini hata risasi njema haitamsaidia mpigaji wa mbali. Asipige ndege aliye zaidi ya mita 35. Kabla ya msimu, na atundike karatasi pana mahali penye kingo ya udongo nyuma yake, achore duara la upana wa sentimita 75, apige toka mita 30, kisha aitazame. Akiona mapengo ambayo njiwa angeweza kupita, abadili risasi au asogee karibu. Bunduki mbili za namba moja hazitawanyi marisau sawasawa, kwa sababu mdomo wa mtutu mmoja umebanwa kuliko wa mwingine.

Nakuja sasa kwenye usalama, na hapa naomba masikio yenu yote.

Chembe ya namba 6 yaweza kufika mita 200, na zile kubwa kama BB zaweza kupita mita 300. Katika miteremko ya Meru, ambako migomba ya huyu imegusana na kahawa ya yule, ni mashamba machache yenye nafasi kama hiyo. Kwa hiyo namba ndogo za marisau, kama BB, zisitumiwe kabisa kwa ndege, wala mtu asipige kuelekea njia, nyumba au mifugo. Ambapo hapana nafasi, bunduki ibaki nyumbani.

Pili, risasi ya namba 20 isiwekwe kamwe mfuko mmoja na ya namba 12. Ikiingizwa kwa makosa katika mtutu wa 12 hupenya ndani na kukwama, macho yasiione. Mtu akidhani mtutu ni mtupu akatia ya 12 na kupiga, mtutu hupasuka mkononi mwake.

Tatu, risasi iliyovimba kwa unyevu isitumiwe. Ikiwa risasi haikulia, mpigaji aendelee kuelekeza mtutu mahali salama kwa nusu dakika kabla ya kufungua, kwa maana yaweza kulia kwa kuchelewa.

Nne, marisau ya kawaida ni madini ya risasi, nayo ni sumu. Ndege aliyekufa asiachwe shambani akaliwa na mbwa au tai. Anayemla njiwa aondoe kila chembe pamoja na nyama iliyoizunguka. Nchi ya Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukayakataza katika maeneo ya majimaji kuanzia mwaka 2023. Yapo marisau ya chuma badala yake, ila ni mepesi, hivyo huchaguliwa makubwa kwa namba mbili, wala hayafai kwa bunduki za zamani bila fundi kuzikagua.

Zaidi ya hayo ipo sheria. Bunduki na risasi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ndege wa porini wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwenye leseni ndiye anunuaye, na Ofisa Wanyamapori huulizwa kwanza.

Mwisho, tujue mpaka wa bunduki. Kule pwani, kunguru wa Kihindi walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 wameenea hata bara, na bunduki haikuwamaliza. Kunguru humtambua mwenye bunduki, naye humkimbia. Kwa kweleakwelea, wajao kwa malaki, marisau ni kazi bure. Hao waripotiwe kwa Ofisa Kilimo mara moja, ili habari zifike kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha. Kwa njiwa na kunguru, bunduki ni msaidizi tu. Tupande siku zile zile na majirani ili hasara isimwangukie mmoja, tufukie mbegu vema, tufiche vifaranga, tuzike mizoga na taka.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa ombi moja. Kila chama cha msingi kiwe na zamu ya watu wazima ya kuamia ndege katika majuma yale machache ya hatari, kila nyumba itoe mtu kwa siku yake, na mwenye bunduki aitwe kwa kibali pale tu inapolazimu. Ushirika uliotuwezesha kuuza kahawa pamoja hautashindwa kulinda mbegu pamoja. Na yule mtoto aliye juu ya dungu ashuke, aoge, aende shule. Na huko akifundishwa hesabu, afundishwe pia kuuliza.