Wafiwa Wakisamehe

Msikilizaji, Mahakama Kuu ya Zanzibar pale Tunguu haimuulizi mshtakiwa wa mauaji anasali wapi. Kadhi, kwa sheria ya 2017, ana ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo kwa Waislamu. Jinai ni ya Serikali.

Sasa, hapa ndipo penye uzito. Fiqhi ya Kiislamu inawapa warithi wa aliyeuawa kwa makusudi hiari: kisasi, dia (fidia ya damu) au msamaha. Mkristo naye hufundishwa kusamehe, ila adhabu anaiachia dola.

Kwa upande mmoja, msamaha huzima chuki. Kwa upande wa pili, muhali wetu, ile haya ya kumkatalia jamaa au jirani, sote twaujua, nao waweza kugeuza msamaha kuwa shinikizo: kesi ngapi za udhalilishaji zimemalizwa majumbani? Mimi hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Je, wafiwa wapewe nafasi gani mbele ya jaji?