Wazazi Walipoleta Vitu Vyao Darasani

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu kwa niaba ya walimu wenzake, kwenye mkutano wa Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni)



Tumepewa dakika kumi na tano, na Mwenyekiti ametuonyesha saa yake kabla hatujasimama. Kwa hiyo historia ya siku hii tutaigusa kidogo tu, kwa ajili ya vijana. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi ulitiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, ukaanza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Ndiyo maana tarehe hii ilikuwa siku ya wakimbizi wa Afrika kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2001 dunia nzima inaiadhimisha pamoja nasi. Hayo yatosha. Sisi tumekuja kusema juu ya jambo dogo lililotokea shuleni muhula uliopita.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto mwenye haya husema vizuri zaidi akiwa ameshika kitu mkononi. Macho ya wenzake yanakwenda kwenye kile kitu, naye anasahau hofu. Basi katika darasa la tatu tulikuwa na desturi: kila Ijumaa watoto watano wanaleta kitu nyumbani, wanasimama, wanaeleza ni nini na kwa nini wanakipenda. Walileta magari ya waya, mipira ya mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba za migomba, na mmoja alileta kinyonga, ambaye alitutoroka tukamsaka darasa zima.

Ijumaa moja binti mmoja, baada ya kumaliza kueleza gari lake, akatuuliza: "Mwalimu, na ninyi watu wakubwa, mnachezea nini?"

Tulicheka. Kisha tulipokaa wenyewe chini ya mwembe, tukaona hatuna jibu. Watoto hawa wamezaliwa hapa. Wanawajua wazazi wao wakiwa kwenye foleni ya posho, kwenye foleni ya maji, wakichanja kuni, wakizungumza juu ya kadi. Hawajawahi kuona baba akifanya jambo kwa sababu tu analipenda, au wameona na hawakutambua. Tukaamua kuwaita wazazi. Sharti letu lilikuwa moja: kitu kisiwe cha kuuza wala cha kazi. Kiwe kitu ambacho ungekifanya hata kama hakuna anayekutuma wala anayekulipa.

Tulipeleka barua kwa wenyeviti wa vijiji, tukapanga viti na benchi. Ijumaa ya kwanza walikuja watu watatu.

Hapo inabidi tuseme ukweli, na tunausema kwa heshima zote mbele ya wageni. Tulipita nyumba kwa nyumba kuuliza kulikoni, na tulijibiwa kwa sauti ya chini. Watu walidhani ni hesabu. Walisema, mwalimu, leo unasema ni michezo ya watoto, kesho mtu mwenye daftari atauliza fulani redio kaitoa wapi, na kesho kutwa jina halipo kwenye orodha. Baba mmoja alikuja na kifuniko cha nyuma cha redio yake tu. Redio yenyewe aliiacha imefukiwa chini ya kitanda. Alisimama mbele ya watoto ameshika kipande cha plastiki, akasema, "Fikirini kwamba hiki ni redio." Watoto walipiga makofi kwa adabu. Sisi hatukujua tuangalie wapi.

Hatumlaumu mtu kwa jina, wala ofisi. Lakini jambo hilo lipo, na ndilo lililotuleta hapa leo.

Tulikwenda kuzungumza na wenyeviti, wao wakazungumza na watu, tukatoa neno letu kwamba hakuna karatasi itakayoandikwa darasani. Ijumaa ya pili walikuja kumi na mmoja. Ya tatu watu walikosa pa kukaa.

Tuanze na mzee mmoja mvuvi kutoka upande wa Baraka. Alileta sindano ya kushonea nyavu, ya mti, imelainika kwa kushikwa miaka mingi, pamoja na kijiti bapa cha kupimia tundu. Alieleza watoto jinsi fundo linavyopigwa juu ya kijiti ili matundu yote yatoke sawa, maana tundu likiwa kubwa samaki anapita, na likiwa dogo kupita kiasi unamaliza hata watoto wa samaki. Akawaambia kuwa ndagala, ambao hapa tunawaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa haina kazi, kwa kuwa samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo kila mwezi unapokuwa mpevu wavuvi wa Tanganyika hukaa nchi kavu siku kadhaa, na ndizo siku za kushona nyavu, kupiga hadithi na kunywa kidogo. Mtoto mmoja akauliza: "Babu, na hapa unashona ya nini, ziwa haliko?" Mzee alifikiri, akajibu: "Hapa mwezi ni mpevu kila siku."

Wakubwa tulicheka, ila si wote.

Mzee huyo sasa anashona nyavu za magoli ya shule. Tutarudi kwake.

Akina baba wawili, mmoja wa Burundi na mmoja wa Kongo, walikuja na ubao wa mchezo. Wenzetu wa Burundi wanauita igisoro, watu wa pwani wanacheza bao. Kwa macho ni kitu kimoja: mistari minne, kila mmoja na mashimo manane, na kete 64. Lakini mchezo ni tofauti, na ubishi wao ulituchukua nusu saa. Katika igisoro kila mchezaji anaanza na kete nne katika kila shimo la mstari mmoja wa upande wake. Katika bao la Kiswahili, alilojifunza yule wa Kongo kwa jirani mmoja wa Kigoma, unaanza na kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni yake, na 22 zilizobaki unazishika mkononi, unazinamua moja moja. Watoto waligundua wenyewe kwamba kwa njia zote mbili kila mtu ana kete 32. Nne mara nane ni 32. Sita na mbili na mbili na 22 ni 32. Tuliwahi kuimbisha jedwali la nne wiki tatu bila mafanikio. Siku hiyo lilieleweka.

Tuongeze kwamba ubao huo ulichongwa kwenye gogo lililokuwa kuni. Mke wa mmoja wao alikuwepo, akasimama bila kuitwa, akasema gogo lile lilikuwa moto wa siku mbili, na kwamba yeye ndiye anayejua kuni zinatoka wapi na zinaletwa kwa hatari gani. Alisema kweli. Mumewe aliinamisha kichwa. Kete zao ni vijiwe, kwa sababu walipojaribu maharage ya posho mama huyo huyo aliyapika.

Kijana mmoja, baba wa watoto wawili, alileta likembe. Ubao wake ameuweka juu ya kopo la mafuta ya kupikia ili sauti ipate mahali pa kuvimba, na vijiti vya chuma amevifua kutoka kwenye spoku za baiskeli. Alionyesha namna ya kusawazisha sauti: ukikisukuma kijiti kikawa kirefu upande wa kidole, sauti inashuka, ukikirudisha kikawa kifupi, inapanda. Akaeleza pia juu ya kundi la Kinshasa liitwalo Konono No. 1, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, ambalo lilitengeneza vipaza sauti kwa sumaku za magari mabovu ili likembe zisikike katikati ya kelele za mji, na baadaye likapiga muziki huo hadi Ulaya. Tangu siku hiyo hakuna spoku iliyo salama katika kijiji cha tatu. Wenye baiskeli mtusamehe.

Mwalimu mzee, aliyetufundisha baadhi yetu tulipofika hapa tukiwa bado tumeshika upindo wa nguo za mama zetu, alileta daftari la stempu. Karibu nusu ya stempu zimeharibika kwa maji ya mvua, lakini alifungua kurasa chache tukaona nchi moja ikibadili jina. Kuna stempu za maua za Congo Belge, za miaka ya 1950. Kuna maua yale yale yaliyopigwa chapa juu yake neno CONGO, kwa sababu uhuru wa mwaka 1960 ulifika kabla stempu mpya hazijatosha. Kuna za Zaire, jina lililodumu tangu 1971 hadi 1997. Kuna moja ya Ruanda-Urundi, iliyogawanyika mwaka 1962 ikawa nchi mbili. Alisema aliyabeba hayo badala ya blanketi, na mkewe hajamsamehe mpaka leo. Kisha ikabidi awaeleze watoto stempu ni ya nini, maana barua wanayoifahamu wao ni ile ya Msalaba Mwekundu, isiyofungwa, yenye habari za familia tu, na haina stempu.

Mama mmoja alileta vitambaa vya kufuma. Nyuzi zake ni za mifuko ya chakula. Anaifumua taratibu, anaziosha, anazipanga kwa rangi, bluu zilizotoka kwenye maandishi na nyeupe zilizotoka penginepo, halafu anafuma maua. Mgeni wetu mmoja kutoka shirika, mtu mwema ambaye ametusaidia sana, alivutiwa mno. Akauliza: mama, unaweza kutoa vingapi kwa mwezi? Je, akina mama ishirini wakifundishwa? Akatoa kalamu.

Mama akavikunja vitambaa vyake, akasema: "Mwanangu, hiki si mradi."

Tungependa ndugu zetu wa mashirika wasichukie tukilieleza hili. Miradi tunaihitaji, wengi wetu hapa tunakula kwa sababu ya miradi. Lakini mtu akishaulizwa kila siku ana upungufu gani na anaweza kuzalisha nini, anabakiwa na sehemu ndogo ambayo haiingii katika maswali hayo mawili. Mama yule alikuwa anailinda sehemu hiyo. Mgeni wetu alielewa, tunamshukuru, akarudisha kalamu mfukoni na kuomba kufundishwa ua la kwanza. Lilimshinda. Watoto walifurahi kuliko siku zote.

Wa mwisho tutakayemtaja alikuja mikono mitupu. Tulidhani amekosea siku. Akasema vitu vyake vilibaki, ila kimoja hakikuhitaji mzigo, na akawageuzia watoto mgongo. Akalia kama njiwa. Akalia kama kanga, kama bundi, na watoto wakawa wanataja majina kwa kupiga kelele. Mwisho akatoa sauti ya furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe anayekaa kandokando ya ziwa. Watoto hawakumtambua, kwa kuwa hawajawahi kumsikia. Lakini nyuma, kwenye benchi za wazazi, palinyamaza kabisa. Mvuvi wetu alivua kofia. Akarudiwa kuombwa mara mbili, mara ya tatu akasema koo limekauka.

Binti aliyetuuliza lile swali ni binti yake. Alikwenda akasimama karibu naye, akawa anawatazama wenzake.

Ndugu Mwenyekiti, tumebakiwa na dakika chache, basi tuseme ombi letu. Tunataka Ijumaa hizi ziendelee kila mwezi. Hatuombi fedha. Tunaomba kabati moja lenye kufuli, kwa sababu daftari la stempu haliwezi kupita mvua nyingine katika nyumba inayovuja. Na tunaomba neno, litamkwe hapa mbele ya watu wote, na Kamati pamoja na wageni wetu, kwamba kitu ambacho mtu amekionyesha kwa watoto darasani hakitaandikwa katika daftari lolote la kuhesabu mali, wala hakitatajwa siku ya kuhakiki kadi. Sisi walimu tulitoa neno letu, lakini neno la mwalimu halifiki mbali. Likitoka kwenu, yule baba ataifukua redio yake. Ametuambia ana kadi alizotumiwa na vituo vya mbali baada ya kuviandikia, kueleza saa, masafa, na jinsi alivyovisikia, ikiwemo moja ya enzi za kituo cha Deutsche Welle kilichokuwa Kigali hadi mwaka 2015. Sisi wenyewe hatujaziona, na tunatamani sana kuziona.

Tunasubiri jibu leo, kabla mkutano haujafungwa.

Ijumaa ijayo ni saa nane mchana, darasa la tatu, karibu na bomba. Aje yeyote, na kitu au bila kitu. Goli la upande wa kaskazini limekwisha kushonwa. La kusini limefika nusu na kamba imekwisha, kwa hiyo mwenye kipande cha kamba ya nailoni, hata kifupi, amkabidhi mwalimu wa zamu, naye atamfikishia mzee.