Mbuzi Hana Kosa

Sisi wakazi wa mjini humfahamu mbuzi akiwa juu ya mkaa, au akivutwa kwa kamba sokoni Idi inapokaribia. Leo naomba tumtazame akiwa ametoroka, yumo katika mihogo ya jirani, kule Mkunya wilayani Newala.

Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu zamani. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini mabondeni. Ndiyo maana muhogo ukawa mlinzi wa nyumba: huvumilia kiangazi, nao huweza kukaa ardhini mwaka mmoja, hata miwili, ukiisubiri njaa.

Sasa mahindi na mbaazi vikishavunwa, wapo wafugaji wanaosema, "Msimu umekwisha," wakawafungulia mbuzi wazurure. Msimu umekwisha kwa nani? Muhogo bado umesimama. Mbuzi hula majani, akavunja vichwa, akakwangua na magome. Mwenye mbuzi akiitwa, hujibu kwamba majani yataota tena. Ni kweli yataota, lakini yataota kwa kutumia wanga uliohifadhiwa katika mzizi. Mama aliyetegemea kung'oa muhogo mnene atang'oa nyuzinyuzi. Hali kadhalika, mche wa mkorosho ukikatwa kichwa, umerudishwa nyuma miezi mingi, na wenyewe huhitaji miaka kama mitatu ndipo uanze kuzaa.

Hata hivyo, tusimwonee mfugaji. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilisogeza nyumba zikakaribiana. Mbuzi wa wengi wakajikuta jirani na bustani za wengi. Tena mbuzi ndiye benki ya mnyonge: sare ya mtoto shuleni, dawa ya mgonjwa, nauli ya msiba, vyote hutoka kwake. Jirani anayemkata mbuzi kwa panga amevunja benki ya mwenzake, na muhogo wake haukurudi. Wamebaki maskini wawili na uadui mmoja.

Dawa ni nini? Kwanza tujue kwamba mbuzi hutoroka kwa sababu. Ana njaa, ana kiu, au ametengwa na wenziwe. Uzio wa miiba huliwa na mchwa. Waya wa miiba wenye nafasi pana hupenyeka. Afadhali banda la miti lenye sakafu iliyoinuliwa, samadi ikaanguka chini ikarudi shambani. Mbuzi aletewe majani yaliyokatwa, kama ya mlusina, na maji. Maganda ya muhogo yaanikwe kwanza, maana muhogo mchungu mbichi una sumu inayoweza kumwua. Akifungwa kamba, awe kivulini na ahamishwe kila mara. Yule mtundu avishwe kongwa la vijiti vitatu shingoni, lisilopenya uani. Na mpaka wa shamba upandwe mbono kaburi au minyaa kwa kubananisha. Mbuzi haipendi, na ua huo hauliwi na mchwa upesi kama nguzo kavu.

Lakini ua bila sheria hautoshi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliruhusu vijiji kujitungia sheria ndogo, halmashauri ya wilaya ikaziidhinisha. Kijiji kiseme wazi kwamba mifugo itadhibitiwa miezi yote 12, si wakati wa mahindi tu. Hasara ihesabiwe kwa mashina, mwenye shamba na mwenye mbuzi wote wakiwapo, siku ile ile kabla jua halijachwa. Mbuzi wa mwenyekiti naye ahesabiwe mashina kama mbuzi wa mjane. Akisamehewa huyo, wengine wote watafunguliwa kesho yake asubuhi.

Huku mjini tumezoea kusema kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na tunamaanisha wakubwa maofisini. Kule Mkunya msemo huo ni kamba kweli, na mbuzi hajawahi kujifunga mwenyewe. Anayepaswa kuulizwa ni mtu aliyeishika ile kamba, akaiachia kwa kuwa shamba lililokuwa mbele halikuwa lake.