Barua ya Uhamisho Haiuzi Nyumba

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sumbawanga



Katibu wetu alipotuuliza tutasema juu ya jambo gani, tulikuwa tumekusudia kusema habari za kuweka akiba. Lakini siku hizi za karibuni wanachama kadhaa wamepata barua za uhamisho, na wawili miongoni mwao wametujia jioni kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja na swali lile lile: "Je, nyumba niiuze?" Basi tukaona ni heri kusema juu ya hilo, maana sisi wenyewe lilitupata, na tulilipia elimu yake kwa fedha na kwa machozi. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kusimulia makosa yetu, ili mwenzetu asiyarudie.

Kazi yetu makarani tangu asili ni kazi ya kuhama. Mwaka 1922 Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha kule Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, karani alikuwa tayari ni mtu wa kutumwa huku na huko. Lakini wengi wa wazee wale, walipohamishwa, walifunga masanduku yao, wakarudisha ufunguo, wakaenda zao. Sisi wa leo tumejenga. Mtu aliyejenga hahami kwa kufunga sanduku tu, kwa kuwa nyumba haiingii ndani ya sanduku.

Nyumba yetu ilikuwa hapa mjini, upande wa Chanji. Tulianza kuijenga mwaka 1998, tukaimaliza mwaka 2006. Ninyi mnaojua mshahara wa karani hamtashangaa kwamba vyumba vinne vilichukua miaka minane. Matofali tuliyafyatua wenyewe na kuyachoma kwa tanuru. Mabati tuliyanunua matano matano. Nyuma ya nyumba tulipanda miparachichi miwili, na mbele palikuwa na baraza ambapo, katika baridi ya Juni na Julai, tuliota jua la asubuhi tukiitazama milima ya Mbizi.

Mwaka 2012 Serikali iliukata mkoa wa Rukwa, ukazaliwa mkoa mpya wa Katavi, makao yake Mpanda. Mkoa mpya wataka maofisi, na maofisi yataka makarani. Barua yetu ilifika mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Tulitakiwa kuripoti Mpanda mwanzoni mwa Januari. Usiku ule ule, kabla hata ya kumaliza chakula, tulitamka neno ambalo twalijutia hata leo: "Nyumba tutaiuza."

Kwa nini twalijutia? Sikilizeni, ndugu zetu. Katika Ufipa fedha ina majira yake. Huja na mahindi. Mtu avunapo na kuuza, Julai, Agosti na Septemba, ndipo anaponunua mabati, ng'ombe, mahari na nyumba. Ifikapo Novemba fedha ile imekwisha kuzikwa shambani, katika mbegu na mbolea na vibarua. Basi anayeuza nyumba Novemba anauza wakati mji mzima una mifuko mitupu. Nasi, watu wa kuandika hesabu za watu, hatukuifanya hesabu hii ndogo.

Tuliomba milioni 18. Dalali alimleta mfanyabiashara mmoja wa nafaka. Siku ya kwanza alisema milioni 14. Tukakataa. Alipokuja mara ya pili, alikuwa amekwisha kusikia kwamba twatakiwa Mpanda Januari, akasema milioni 13. Mara ya tatu alikuta tunafunga vitabu katika maboksi. Akaketi barazani, akatazama maboksi yale, akasema milioni 12. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba tuna haraka. Maboksi ndiyo yaliyomwambia.

Tungalikubali. Twasema kweli mbele yenu, kalamu ilikuwa mkononi. Aliyetuzuia ni mama wa nyumba yetu. Dalali alikuwa amekwisha kusema kwamba mambo haya ni ya wanaume, mama aachwe apike. Yeye akatoka jikoni, akasema kwa utaratibu: "Maji ya matofali haya niliyachota mimi, mtoto mgongoni. Bei sijaambiwa, na jina langu halimo katika karatasi hiyo. Sitii sahihi." Kisha akarudi jikoni.

Tuliona haya, na kwa siku mbili nyumbani hapakuwa na mazungumzo. Tulidhani ametuaibisha mbele ya wageni. Lakini haki ilikuwa yake, na si haki ya huruma, bali ya sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba nyumba ya wanandoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Karani ambaye kila siku huwaambia watu "fomu hii haijakamilika" alikuwa karibu kuuza kwa fomu isiyokamilika.

Siku ya tatu tuliketi pamoja, na tangu hapo mambo yakaenda kwa akili. Tulimwambia mnunuzi kwamba kwa milioni 12 hatuuzi; heri nyumba ifungwe. Akaondoka, akarudi baada ya juma moja, tukapatana milioni 15: nane mkononi, na saba baada ya mavuno. Mama watoto akaweka masharti yake mawili. La kwanza, deni liandikwe, na tarehe yake, mbele ya wakili, mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili. La pili, barua ya toleo ya kiwanja ibaki mikononi mwetu mpaka shilingi ya mwisho.

Wazee wa Ufipa waliokuwa mafundi wa chuma walijua jambo hili kabla yetu. Mawe yenye madini waliyayeyusha kwanza katika tanuru refu la udongo, lungu, lililo refu kuliko mtu. Lakini chuma kilichotoka humo hakikufaa bado kwa jembe. Kilipitishwa tena katika tanuru dogo, ndipo kikawa safi. Mapatano ya kinywa ni moto wa kwanza tu. Yasipopita katika moto wa pili, yaani maandishi na mashahidi, jembe lake litakatika shambani.

Tulihama katika juma la Krismasi. Lori tulilikodi kwa fedha yetu, kwa maana posho ya uhamisho mara nyingi hufika baada ya mtu mwenyewe kufika. Majirani walikuja alfajiri na unga wa ulezi na maharage, kila mmoja na kifurushi chake. Mtoto wetu mdogo alikumbatia mparachichi akakataa kupanda lori. Njia ya Chala na Paramawe siku zile ilikuwa ya udongo sehemu kubwa, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Lori lilizama magurudumu. Tukalala humo usiku kucha, watoto juu ya magodoro, kuku ndani ya tenga, na kioo cha kabati kikavunjika vipande. Kesho yake tuliteremka kutoka baridi ya uwanda hadi joto la Katavi, na pale Sitalike mbung'o wakatukaribisha kwa namna yao.

Sasa sikilizeni habari ya deni. Mavuno yalipokuja, mnunuzi akaomba mwezi mmoja, kwa kuwa mahindi yake ameyauza kwa mkopo. Tukampa. Akaomba wa pili. Mwezi wa tatu hakupokea tena simu, na ndugu yake akaanza kusema mtaani kwamba bei ilikuwa milioni nane, nayo imekwisha. Tulipanda gari tukaja Sumbawanga na nakala ya mkataba. Kikao kilichukua nusu saa tu. Wakili aliyaona maandishi yake, majirani walizikumbuka sahihi zao, na mnunuzi akaulizwa kama anayo barua ya toleo, hakuwa nayo. Oktoba 2013 alilipa yote, nasi tukamkabidhi barua yake, tukapeana mikono bila uadui. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ile ilikuwa na daftari, na aliyelitunza si karani, bali mkewe.

Hata hivyo, Mabwana na Mabibi, msidhani kwamba tulishinda. Mkoa mpya ulikuwa umevuta watu wengi Mpanda, na kila aliyefika alitaka kiwanja. Kiwanja tulichooneshwa Januari kwa milioni tatu, Oktoba kiliombwa milioni tano. Tuliuza mahali ambapo watu walikuwa wakiondoka, tukataka kununua mahali ambapo watu walikuwa wakifika. Na kati ya mauzo na manunuzi fedha ililala miezi kumi, tukilipa kodi ya pango. Nyumba ya vyumba vinne iligeuka kuwa kiwanja na msingi. Ilitupasa kuanza tena tofali la kwanza, na nywele zikiwa na mvi.

Mwenzetu mmoja aliyehamishwa mwezi ule ule hakuuza. Alimpangisha mwalimu. Tusifiche kwamba naye alipata taabu: mpangaji wa pili aliondoka na deni la miezi minne, na upepo ukang'oa mabati mawili. Lakini aliuza kwa hiari yake katika mwezi wa Agosti, baada ya miaka miwili, akachagua mnunuzi badala ya kuchaguliwa naye.

Basi kwa wale wawili waliotujia jioni, na kwa wengine ambao barua zao zingali njiani, jibu letu ni hili. Barua ya uhamisho yamhamisha mtu, haiuzi nyumba. Aliyeiandika hakuwaza juu ya nyumba yako, wala hakukuamuru juu yake. Nenda karipoti kazini, na nyumba iache isubiri majira yake, kwa kuipangisha au kwa kumwachia ndugu mwaminifu, mpaka ujue kama mahali pale pageni patakuwa kwako.

Kama baada ya kufikiri umeona ni lazima kuuza, uza kwa mpango. Keti kwanza na mwenzi wako, mjue bei ambayo chini yake hamshuki, na bei hiyo dalali asiambiwe. Kisha nenda katika ofisi ya ardhi. Kumbukeni kwamba kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Tunachouza ni haki ya kuitumia na kile tulichojenga juu yake. Kwa hiyo mauzo ya mjini hayakamiliki mpaka yaandikishwe, na katika ardhi ya kijiji Halmashauri ya Kijiji haina budi kuhusishwa. Uliza habari za kodi kabla ya kupatana bei, maana kodi iliyosahauliwa huleta ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi. Onesha mipaka mbele ya majirani. Na hati isitoke mkononi kabla fedha yote haijaingia.

Neno la mwisho, na tumalize. Mwaka 2021 tulihamishwa tena, safari hii kurudi hapa Sumbawanga. Twakaa katika nyumba ya kupanga, upande wa Katandala. Siku moja tulipita Chanji na yule mtoto aliyekumbatia mti, ambaye sasa ni kijana mkubwa kuliko sisi. Mwenye nyumba, yule yule tuliyepelekana naye kwa wakili, alituona, akatukaribisha barazani, na tulipoondoka akatupa parachichi sita. Tulizipokea kwa shukrani, lakini nyumbani hakuna aliyekuwa na haraka ya kuzikata.

Nyumba yetu ya Mpanda hatukuiuza. Ina mpangaji, na katika karatasi zake yameandikwa majina mawili. Barua ile ya pili ilipofika, tulimaliza chakula kwanza, kisha tukamwuliza mama watoto ana rai gani. Akasema, "Tungoje." Nasi twangoja.