Malimbikizo na Hesabu za Reli



Anayesimama stesheni ya Manyoni, pale njia ya Singida inapoachana na Reli ya Kati, huona mabehewa na vichwa vya treni. Haoni deni la mishahara, ingawa nalo lina uzito wake.

Tuchukue mfano. Wafanyakazi wanadai nyongeza kuanzia Julai. Mazungumzo yanavutwa hadi mwisho wa Machi, ndipo mkataba unatiwa saini, nyongeza ihesabiwe tangu Julai. Shirika linadaiwa miezi tisa kwa mkupuo. Lakini jasi iliyopakiwa Itigi mwezi Agosti imekwisha fika, na nauli yake imelipwa kwa bei ya zamani. Hakuna mwenye mzigo atakayekubali kudaiwa tofauti.

Fedha zitatoka wapi? Ni rahisi kugusa fungu la vipuri na mataruma. Basi kichwa cha treni kinakaa karakana, mzigo unahamia kwenye malori, mapato yanashuka, na malimbikizo mapya yanaanza.

Wapo wanaosema wafanyakazi wapunguze madai. Hilo si jibu. Kazi wamekwisha ifanya. Anayecheleweshewa haki yake ndiye analikopesha shirika, bila riba na bila kuulizwa.

Tumeyaona hayo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lake la reli lilivunjika nayo. Mkataba wa mwaka 1984 uligawa mali na madeni, na kila nchi ikabeba mafao ya watumishi wake. Hapa Tanzania, madai ya watumishi wa reli na wenzao wa mashirika mengine ya Jumuiya yalifika mahakamani, na mwaka 2005 ndipo serikali ikakubali kulipa shilingi bilioni 117. Miaka 28! Wengine walikuwa wamekwisha fariki, na mlipaji akawa Hazina, yaani wewe na mimi. Mwaka 2008 wafanyakazi wa Kampuni ya Reli, iliyoendeshwa kwa ubia na RITES ya India, waligoma kudai mishahara.

Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa huanza kwa kutenga. Mazungumzo yanapoanza, shirika liweke kando kila mwezi sehemu ya nyongeza inayojadiliwa, na deni hilo lionekane vitabuni. Haba na haba hujaza kibaba. Malimbikizo nayo hujaa vivyo hivyo.